Robo ya Nati

Mwenye kinu kutoka Tala amenirudishia shafti.
Hakusema mengi: aliilaza juu ya benchi,
akapitisha ukucha kwenye ngozi ya chuma,
ukucha ukasema krrr,
naye akaenda zake kunywa chai.

Niliyajua yale mawimbi.
Wiki ya tatu sasa lethi inatetema,
kisu kikigusa chuma, chuma kinaguna,
nami nalaumu kisu, nalaumu vyuma chakavu vya Gikomba,
nalaumu stima ya Kariobangi, inayokuja
kama mgeni asiyevua viatu.
Mtu hulaumu vyote kabla ya kufungua kifua cha mashine.

Jumapili, karakana za jirani zimefungwa,
kwaya ya kanisa la mabati inatafuta sauti ya tatu,
nikafungua.
Nikamwaga mafuta meusi, nikang'oa gea,
nikatia nondo kwenye tundu la mhimili, nikainua:
saa ya kupimia ikaruka mistari sita.
Sita! Unywele wangu mmoja ni saba.

Beringi zenyewe nzima. Vibiringo vinang'aa bila doa,
vimelala tu katika vikombe vyao
kama walinzi wa zamu ya usiku,
kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliye macho.

Nikakaza nati. Nilikaza kama mtu mwenye hasira.
Saa ikatulia kwenye sifuri, nikajisifu,
nikawasha, nusu saa, kasi ya juu,
nikaweka kiganja juu ya kichwa cha lethi
na kukiondoa kama niliyegusa sufuria ya githeri.
Chuma kikipata joto hutanuka,
na pa kutanukia nilikuwa nimepaziba.
Mkazo wa asubuhi si mkazo wa adhuhuri.
Hilo sikuambiwa na mtu.

Ngumbau alinifundisha miaka tisa kwa kunyamaza.
Sasa yuko Kayole, upande wake wa kulia umelala tangu Februari.
Nikampigia. Nikaweka simu juu ya bati la gea, mashine ikizunguka.
Nilisubiri. Kwao kuku walikuwa wakigombana.
Kisha, kwa ule ulimi mzito uliobaki:
"Inasonya."
"Nini inasonya?"
"Hiyo. Umeikaba. Robo, Nduku. Rudisha robo.
Na uazime mizani ya Kariithi."

Kariithi ana bucha. Alinipa mizani yake ya ndoano,
ingali na mafuta, bila kuuliza.
Mhimili ulipopoa nikauzungushia uzi wa fundi viatu, mizunguko kumi,
nikaunasa kwenye ndoano, nikavuta polepole,
nikisoma ni uzito gani utakaomshawishi azunguke.
Kilo mbili: bado kakabwa.
Robo kilo: kalegea, anateleza kama uongo.
Watu hupenda kusema kaza uzi.
Hawasemi mpaka wapi.

Robo nyuma. Unywele mbele.
Nikagonga nati kwa nyundo ya shaba,
pigo la kumwamsha mtoto bila kumtisha.
Kilo moja kasoro.
Nikafunga skrubu ya kuzuia kabla mkono haujabadili nia.

Saa nzima, kasi ya juu. Kiganja tena:
joto la shingo ya mtu mzima, si la mgonjwa.
Nilikiacha pale
muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Jumatatu, shafti mpya.
Utepe wa chuma ulitoka mrefu, wa buluu,
ukajikunja mpaka sakafuni bila kukatika.
Mwenye kinu akapitisha ukucha.
Ukucha ukanyamaza.
Akaomba apunguziwe bei.

Jioni nikarudisha mizani buchani.
Kariithi, akifuta ndoano kwa aproni,
akauliza mbuzi wangu alifika kilo ngapi.

"Moja kasoro," nikamwambia,
nikamwacha hapo na kisu chake hewani.